Uzito wa Gemu Tisini na Tisa

Mwezi uliopita nilialikwa Bunda kwenye harusi ya mjukuu wa Bi Zainabu, na kabla sijapata hata kiti, yule bibi alijiinua kwa mkongojo, akaninyooshea kidole mbele ya ukumbi mzima na kupaza sauti kushinda spika: "Mwizi wangu huyo amefika! Kila mtu ashike pochi yake!" Ukumbi ukageuka. Mimi mwanamke mzima, nina wajukuu, nimevaa gauni la kushonesha na viatu vinavyonibana kwa heshima ya shughuli, nikabaki mlangoni nimekumbatia zawadi yangu ya seti ya sufuria kama mtu aliyekamatwa nayo. Nikamwendea, nikapiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwizi. Umenenepa. Gemu zangu zimekukubali." Kisha akanivuta kifuani mpaka mkufu wangu ukakatika. Bibi harusi, msichana mpole ambaye bado alikuwa anaogopa kutafuna mbele ya wakwe, akauliza huyu mama aliiba nini. Basi Bi Zainabu, pilau mdomoni, akaanza kusimulia, na kila alipofika mahali patamu alidanganya. Nilimwacha amalize kwa sababu ya umri wake na kwa sababu pilau lilikuwa zuri. Lakini nilipofika nyumbani Musoma niliona nisipoiweka habari hii sawasawa mwenyewe, nitazikwa na jina la mwizi wa vifaru.

Ulikuwa mwaka wa ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, yaani mwaka ambao ruksa ilitufikia sisi, maana mambo mengi hufika mkoani Mara yakiwa yameshachakaa kwingine. Miaka iliyotangulia tulikuwaga tunapanga foleni kabla ya kujua ni foleni ya nini. Unaona mgongo wa mtu, unasimama nyuma yake, mengine utaulizia mbele. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi. Msumari uliopinda ulinyooshwa kwa jiwe na kutumika tena mpaka ukaisha kichwa. Halafu ghafla maduka ya mjini yakajaa vitu vya rangi rangi ambavyo hakuna aliyeviomba: saa zinazoimba, maua ya plastiki, viatu vya kuwaka taa kisiginoni, na mashine za gemu. Mashine yenyewe unaiunganisha kwenye televisheni, unachomeka kaseti yake juu, kisha unashika kidude chenye vitufe na kumrusha rusha mtu mdogo asiyechoka. Wazee walisema ni ujinga, halafu wakaomba zamu.

Mimi mwaka huo nilikuwa Nyasho, mtaa wa Musoma, najifunza ufundi wa redio kwa Fundi Idi. Alikuwa mtu mfupi wa kofia ya kufuma, na ukimuuliza kabila alikujibu kwamba kwa baba ni Mmanyema, kwa mama Mjita, na kwa njaa ni Mnyasho. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, na meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, kitasa bado kipo. Juu ya ule mlango kulikuwa na redio zilizopasuliwa, makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa skrubu, na harufu ya risasi ya kulehemu ambayo mpaka leo nikiisikia naona njaa. Sababu ni kwamba risasi ilipokuwa inapoa ndipo Bi Mwajuma, mke wa Fundi, alipokuwa analeta chakula: ugali wa muhogo na mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao mwili wao wote ni miiba na kiburi. Tulikula sakafuni, mbali na meza, kwa amri. "Mwiba wa furu ukiingia kwenye redio," Fundi alikuwa akisema, "utatafuta mkwaruzo huo mpaka uzeeke." Nilikuwa na furaha pale. Naisema hivyo hivyo bila kuipamba, kwa sababu wakati ule msichana akisema ana furaha kwenye kazi ya bisibisi, watu walidhani amelogwa.

Furaha hiyo lakini ilikuwa na kamba mguuni, na mwisho wa kamba ulikuwa Butiama mkononi mwa baba yangu. Baba alinikubalia nijifunze, ila kwa sharti alilolitamka mara moja tu, amesimama, kofia mkononi: "Nyamisi, nikisikia neno moja baya juu ya jina lako, unarudi." Na kurudi maana yake haikuwa jembe peke yake. Kulikuwa na Karani Magesa, mtu wa mizani kwenye kituo chetu cha kununulia pamba, ambaye alikuwa ameshaonyesha ng'ombe wa mahari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kalamu tatu mfukoni, mwenye kukaa wima hata akiwa anacheka, na aliponitembelea nyumbani alinitazama juu mpaka chini kwa makini sana, nikajua hata mimi nilikuwa napimwa. Hivyo mwaka ule wote niliuishi kwa tahadhari. Nilijifunza kulehemu na nilijifunza kutokusemwa, na la pili ndilo lilikuwa gumu zaidi.

Sasa kuna desturi moja ya siku zile ambayo vijana hawaijui, na bila kuijua hawawezi kuelewa. Wakati wa shida vipuri havikuwepo, hivyo mafundi wengi walikuwa wanang'oa kifaa kizima kwenye redio yako ili kufufua ya mwenzako, yako wanakurudishia ikiwa inaimba kwa mafua. Watu wakashtuka. Wengine wakawa wanapaka rangi ya kucha kwenye vifaa vya ndani kama alama. Mzee mmoja wa Makoko alileta redio yake pamoja na kigoda na chakula, akakaa anaitazama inavyotengenezwa, na tukifungua kiungo anauliza, "Hicho kinarudi?" Lakini wengi walikuwa wanapima uzito. Kabla ya kupeleka redio kwa fundi unapita kwanza dukani, inawekwa kwenye mzani, watu wanaona. Ukiichukua unapita tena. Ikipungua, fundi ana kesi. Fundi Idi alikuwa anacheka desturi hiyo lakini aliiheshimu, na ndiyo maana hata vumbi la ndani ya redio alikuwa analirudisha kidogo.

Bi Zainabu wa Bunda alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita lori. Ruksa ilipokuja akachukua chumba cha nyuma ya ghala lake, akaweka televisheni, mashine ya gemu na mabenchi, na Bunda ikahamia humo. Alikuwa na kaseti mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ya mchezo mmoja tu wa ndege. Ya pili ilikuwa mpya, imeandikwa kwa herufi za dhahabu 99 kwa 1, na hiyo ndiyo iliyokuwa inamletea watu mpaka kutoka visiwani. Alipoileta kwetu Nyasho ilikuwa inakataa kuwaka. Unaitikisa, inagonga ndani, picha inakuja mistari mistari kisha inakufa. Aliiweka mezani kwa mikono miwili. "Fundi, hii ndiyo mume wangu," alisema. "Nimeshaipima. Kwenye mzani wangu wa dagaa inalingana na kufuli la ghala langu, sawa kwa sawa, na Bunda nzima imeona." Fundi Idi akaitikia kwa adabu. Kisha akainusa ile kaseti kwenye mdomo wake wa kuchomekea na kurudisha kichwa nyuma. Kaseti ikisumbua, wachezaji walikuwa wanaipuliza kwa kinywa, na hii ilikuwa imepulizwa na kila aliyekula kitunguu kutoka Kibara mpaka Nyamuswa.

Tulipoifungua, mimi ndiye niliyeshika bisibisi. Nilitegemea kuona mji. Niliwahi kufungua redio ya mkulima ya bendi mbili nikakuta ndani vifaa vimesongamana hakuna pa kuweka kidole. Sasa kitu chenye michezo tisini na tisa, nikasema, leo nitaona maajabu. Nikakuta chumba kitupu. Kulikuwa na bodi ndogo ya kijani ya umeme, haizidi kadi ya kliniki iliyokunjwa, yenye meno ya shaba upande wa chini yaliyojaa ukoga wa mate, na katikati yake tone moja la kitu cheusi kama lami iliyodondoka na kukauka. Basi. Hakuna kingine. Hakuna ila kipande cha chuma, kizito, butu, kilichobanduka kwenye gundi yake na kuanguka juu ya meno ya bodi. "Huyo ndiye mgonjwa," Fundi akasema akinionyesha chuma. "Anagusa meno, umeme unapotea njia." Kuhusu tone jeusi akanieleza kwamba ndani yake kuna chipu kama chipu nyingine zote, ila hii wameiweka uchi juu ya bodi na kuimwagia lami, ili kuokoa gharama ya kuivalisha koti na miguu. "Na chuma ni cha nini?" nikauliza. Akakigeuza, akakipima kwa kiganja, akaanza kucheka polepole mpaka kofia ikahama. "Cha mkono wako, binti. Ili ukiishika dukani useme hii nzito, hii ina vitu."

Nikasugua meno kwa kifutio cha penseli na spiriti, tukaichomeka kwenye mashine ya mteja mmoja, ikawaka picha safi kabisa. Tukaipekua orodha yake yote ya michezo. Wa kwanza ndege, wa pili vifaru, wa tatu mpira, wa nne mtu wa kuruka. Wa tano ulikuwa ule wa kwanza uliobadilishwa jina. Wa sita ulikuwa wa pili unaoanzia katikati. Na hivyo hivyo mpaka mwisho, wale wanne wanabadilishana mashati. "Tumwambie Bi Zainabu?" nikauliza. Fundi akafikiri. "Sisi hutengeneza kilichoharibika," akasema. "Furaha yake haijaharibika." Tukaifunga kaseti bila chuma, kwa kuwa kukirudisha ni kurudisha ugonjwa. Chuma chenyewe kikabaki mezani mpaka Bi Mwajuma alipokuja kuchukua vyombo. Akakiona, akasema mfuniko wa sufuria yake ya maharage unarukaruka, akaondoka nacho. Hapo ndipo mimi na Fundi tulipaswa kuukumbuka mzani. Hatukuukumbuka hata kidogo.

Kilichofuata Bunda nilihadithiwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na furaha yake. Bi Zainabu alifika ghalani, akaweka kaseti upande mmoja wa mzani na kufuli upande mwingine, na kufuli likazama mpaka chini huku kaseti ikipaa juu mbele ya umati. Akapiga yowe. Wakaichomeka, ikawaka. Lakini sasa watu walikuwa na shaka, na mwenye shaka anachunguza, hivyo kwa mara ya kwanza wakaipekua orodha yote badala ya kucheza vifaru tu. Wakakuta michezo minne. Mpwa wa Bi Zainabu akachukua kisu cha kuparia samaki, akaipasua kaseti yenyewe, na ili kulinganisha akaipasua pia ile ya zamani ya mchezo mmoja. Mungu anisamehe, hata mimi ningekuwepo ningeshtuka. Ile ya mchezo mmoja ilikuwa na bodi pana na machipu mawili makubwa, marefu, yenye miguu kila upande kama tandu. Ile ya michezo tisini na tisa ilikuwa na tone la lami. "Mwenye mmoja ana viungo vyote," Bi Zainabu akalia, "mwenye tisini na tisa ana kovu! Yule msichana wa Butiama amening'olea gemu tisini na tano na kuziba tundu kwa lami!" Fundi Idi hakutajwa. Fundi Idi alikuwa na miaka mingi na jina lake. Mimi nilikuwa mgeni kwenye kazi, na tena mwanamke.

Sikujua lolote mpaka mtu wa kwetu aliyekuja gulioni alipopita karakana na kuniambia, "Baba yako anakuita, na hakusema kwa kucheka." Nikafika Butiama mchana. Mama akanipokea mlango wa jikoni, akaniwekea kidole mdomoni, akanivuta mpaka ukutani. Sebuleni, kwenye kiti chetu kizuri chenye kitambaa, alikuwa amekaa Bi Zainabu anakunywa maziwa ya mgando. Alikuwa amepanda lori la dagaa kutoka Bunda mpaka kwa baba yangu. Tukasikiliza.

"Ameiba nini?" Baba alikuwa anauliza, kwa ile sauti yake ya mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, sauti ya kusuluhisha mipaka ya mashamba.

"Michezo, mzee wangu. Tisini na tano."

Baba akarudia. "Michezo."

"Ndiyo. Kuna wa ndege, kuna wa vifaru, kuna wa mpira…"

"Vifaru vya jeshi?"

"Vya jeshi, mzee."

"Na ameviweka wapi?"

"Hilo ndilo lililonileta!"

Mama akanigeukia, macho yamemtoka. "Mayoo! Nyamisi," akanong'ona, "vifaru vya watu unavipelekaga wapi?" Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukohoa, na sebuleni wakanisikia. Baba akaniita. Akaniuliza mbele ya mgeni kama nilitoa kitu ndani ya mali ya huyu mama. Nikasema nilitoa kipande cha chuma. Akaniuliza kilikuwa na kazi gani. Nikasema hakina kazi yoyote. Niliona uso wake ukifunga. Kwake yeye mtu aliyenyoosha misumari kwa jiwe miaka yote ile, kuambiwa kwamba huko ng'ambo kuna watu wanatia chuma ndani ya kitu bure, ulikuwa ni uongo wa mtoto mdogo. "Jumapili, baada ya misa, tutakwenda Bunda," akasema. "Nitaona kwa macho. Na nitamchukua mtu anayejua mizani." Nilijua ni nani huyo. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, siyo kwa ajili ya Karani Magesa peke yake, bali kwa ajili ya ile meza yenye kitasa.

Jumapili ile chumba cha gemu cha Bi Zainabu kilijaa mpaka madirishani. Harufu ya dagaa ilikuwa inauma macho. Magunia yalipangwa ukutani mpaka juu, na katikati, mahali pa heshima, ulisimama mzani wa sahani mbili na lile kufuli. Karani Magesa alikuja na kalamu zake tatu na viatu vya misa, akaukagua mzani, akaugonga kwa kucha, akatangaza kwamba ni halali. Fundi Idi alifika kutoka Musoma amechelewa, anahema, kwa sababu alilazimika kumsubiri Bi Mwajuma aivishe maharage kwanza ndipo akitoe kile chuma juu ya mfuniko. Kilikuwa bado kinanuka maharage na kina ukoko. Nikaanza mimi. Nikaichukua bodi ile ndogo, uchi hivyo hivyo bila ganda, nikaichomeka kwenye mashine. Televisheni ikawaka, orodha ikaja, vifaru vikaanza kutembea. "Mnaona?" nikasema. "Kama nimetoa matumbo, mbona inatembea?" Watu wakaguna. Nilidhani nimeshinda. Jamaa mmoja dirishani akasema, "Inatembea, lakini michezo minne. Hata kuku akikatwa kichwa hutembea kidogo." Kikacheka chumba kizima.

Kisha Karani Magesa akachukua nafasi. Aliweka kaseti, bodi pamoja na ganda lake, kwenye sahani, kufuli upande wa pili, kufuli likazama. Akachukua chuma kwa leso, akakiongeza juu ya kaseti. Sahani zikapanda, zikashuka, zikatulia sawa kwa sawa. Chumba kikasema "Aaa!" kwa pamoja. "Kwa mujibu wa mzani," Karani akasema akinitazama kwa huruma ya mume mtarajiwa, "kilichoondolewa ni hiki. Na kiwanda hakipotezi chuma. Kwa hiyo hiki chuma kina kazi, na kazi hiyo ndiyo michezo iliyopotea." Fundi Idi akajaribu kueleza habari ya mkono na uzito na dukani, lakini watu walikuwa wanapiga kelele. Nani atakubali? Sisi tuliokosa msumari wa kugongelea jeneza, tuambiwe kuna kiwanda kinatia chuma kwenye plastiki kwa ajili ya kufurahisha kiganja? Bi Zainabu akasimama, mikono kiunoni. "Mzee, umeona mwenyewe. Sitaki ugomvi. Mchukue binti yako nyumbani, mwenye kumwoa amwoe." Nikamtazama Baba. Niliona mkono wake umeshashika kofia, ishara ya kuondoka. Nikajua mwaka wangu umekwisha.

Lakini hakuivaa. Aliiweka kofia kwenye benchi, akanyoosha mkono. "Kileteni hicho chuma." Akakipokea, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha. "Nyamisi, kilifungwa kwa waya?" "Hapana, baba. Kilibandikwa kwa gundi tu." "Hakina skrubu." "Hakina, baba." "Kwa hiyo kilikuwa kinakaa tu." "Kinakaa tu, baba." Akakohoa. "Mimi leo asubuhi nimepokea komunyo," akasema hatimaye, "kwa hiyo siwezi kudanganya, ingawa ningependa. Hiki ni jiwe."

"Ni chuma, mzee," Karani Magesa akamsahihisha kwa upole.

"Ni jiwe," Baba akasema. "Miaka ile ya shida nilikuwaga naweka jiwe katikati ya gunia la pamba. Siyo kubwa. La mzani tu. Lile jiwe halikuwa pamba, halikushonwa shati, halikuwa na kazi yoyote duniani. Mtu angeniuliza lina kazi gani ningemjibu kama mwanangu anavyowajibu: linakaa tu. Mtoto hajaiba kitu. Aliyetengeneza hii kaseti ni mkulima mwenzangu."

Baba yangu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu aliyekuwa akiitwa mpaka vijiji vya pili kuapisha watu. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Karani Magesa, na haikuwa sauti yake ya kwa mujibu wa mzani. "Mzee! Kumbe yale mawe? Nilikatwa mshahara kwa yale mawe! Walisema mimi ndiye niliyeyatia nikauza pamba!" Baba akamgeukia, na sasa, kwa kuwa ameshaanguka, hakuwa na la kuogopa. "Pole, kijana. Na gunia langu lilikuwaga likinielemea mgongoni, likifika kwenye mzani wako linakuwa jepesi. Jiwe langu na kidole chako vilikuwa vinasawazishana." Chumba kikalipuka. Watu walipiga mabenchi, wengine wakatoka nje kucheka vizuri. Karani akakusanya kalamu zake, akasema ng'ombe wake hawawezi kuingia kwenye ukoo wa mawe, akapanda baiskeli akaenda. Nilimwombea safari njema kwa moyo wangu wote.

Akabaki Bi Zainabu. Alikuwa amefungua mdomo ili aseme jambo zito, halafu nikaona macho ya watu, mmoja mmoja, yakihama kutoka kwa Baba kwenda kwenye magunia yake ya dagaa ukutani. Dagaa wa Bi Zainabu walijulikana. Ukiwapepeta, mchanga unaobaki unaweza kukandika ukuta. Naye akayaona yale macho. Akafunga mdomo, akajikung'uta kanga, akasema, "Basi, yaishe. Sisi wote ni watu wazima." Halafu akaninyooshea kidole. "Lakini chuma changu kirudishwe mahali pake. Mteja akishika kaseti nyepesi anajisikia ameibiwa." Nikamwambia ndicho kilichoiua. "Kifunge kisiguse," akasema, "wewe si ndiye fundi?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu mbali na Fundi Idi kuniita hivyo. Nikakizungushia tepu nyeusi ya umeme, nikakilaza mbali na meno ya bodi, nikalifunga lile ganda lililopasuliwa kwa kisu. Kaseti na kufuli vikalingana. Bunda ikapiga makofi.

Njiani kurudi Baba alitembea mbele yangu mpaka tulipoiona Butiama. Ndipo akasema, "Mama yako usimwambie habari ya mawe." Nikaapa. Tulipoingia jikoni Mama alikuwa ameshapata habari yote kwa yule mtu wa baiskeli, naye alikuwa anapakua ugali kwa hasira. "Unajisifia mawe mbele za watu!" akamwambia Baba. "Nani alikuwaga anayaokota mtoni?" Jumapili iliyofuata Baba alisimama kwenye jumuiya, akajivua uenyekiti, na kuomba mwenye pamba safi auchukue. Wakatazamana. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa kutoa sadaka ili kupoteza mada. Baba akaendelea kuwa mwenyekiti mpaka alipokufa, ila tangu hapo watoto walimwita Mzee Jiwe, naye alikuwa anaitika. Mimi nilirudi Nyasho kwenye meza yenye kitasa. Kuhusu sharti lake la neno moja baya hatukulizungumza tena. Nadhani alilitumia lote siku ile, kwa upande wake mwenyewe.

Nimesahau kusema: siku ya harusi, baada ya keki, Bi Zainabu alimtuma mtu nyumbani, na akarudi na ile kaseti ndani ya kitambaa. Herufi za dhahabu zilikuwa zimefutika. Wageni wakaipokezana, kila mmoja akiipima kwa mkono na kusema, lahaula, kumbe nzito hivi. Akaomba bisibisi, mtu wa muziki akaitoa. Nikaifungua pale pale mezani katikati ya sahani za pilau. Bodi ya kijani ilikuwepo, tone jeusi lilikuwepo, na chuma kilikuwa kimelala mahali nilipokilaza, kimefungwa tepu yangu, gundi yake imekauka na kuwa unga. Bi Zainabu akainama akatazama muda mrefu. "Kitoe sasa, mwanangu," akasema polepole, safari hii bila kuwafanyia watu mchezo. "Nilishakuamini zamani. Sikuwa na nafasi ya kusema."

Nilikigusa. Kilikuwa cha baridi. Nikarudisha ganda juu yake, nikakaza skrubu.

"Kiache, mama," nikamwambia. "Hicho ni cha baba yangu."